Siku Niliyopita Kimya

Salamu haicheleweshi safari. Mmeisikia leo asubuhi pale kituo cha maziwa, mlipompita mpokeaji na viatu vyenu vipya bila hata kumtupia jicho, akawarushia maneno hayo mgongoni. Sasa mmekuja kuniuliza ni wahenga gani walioyasema. Kaeni basi. Wewe Semeni, mjukuu wangu, wavutie wenzako ule mkeka, na hayo mahindi ya kuchemsha ni ya kula, si ya kutazama. Najua kesho mnakimbia mbio za Mlesa, na najua mnaogopa. Mimi nami niliogopa.

Methali hii ilianza hivi, tena msisumbue wahenga kwa jambo hili. Ilianzia kwenye miguu yangu mimi, Mwajabu binti Shemboko, nikiwa na miaka arobaini na mitatu na watoto wanne.

Enzi hizo gari la maziwa lilikuwa likifika Mlesa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na halikumsubiri mtu. Kutoka hapa Kwembago ni kilima kimoja kushuka na kingine kupanda. Nilikuwa nikikamua ng'ombe wangu wawili, natia maziwa kwenye dumu, najitwisha, natembea upesi lakini kwa uangalifu yasimwagike. Kurudi dumu lilikuwa tupu. Siku moja, sijui kwa nini, nikaanza kukimbia. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linatokeza, umande umejaa kwenye majani ya maharage, na mwili wangu ukawa mwepesi hata nikacheka peke yangu barabarani. Tangu siku hiyo nikawa nakimbia kila asubuhi. Watu walizoea kuniona na dumu langu, natoa salamu huku na huku, napita. Waliniita Mama Dumu, na mimi sikuchukia.

Mwaka ule ndipo mbio za Mlesa zilipokuwa zimeanza kupata jina. Kilomita kumi na tano, kuanzia uwanja wa soko, kupitia kijijini kwetu, hadi kurudi palepale. Mnaanza saa mbili kamili, na ikifika saa nne kamili utepe unakunjwa. Ukifika kabla ya hapo, jina lako linasomwa kwenye kipaza sauti na kuandikwa katika daftari la waliomaliza. Ukifika baadaye, hata kama umefika, hujafika. Mimi kitu kimoja tu nilikitaka: jina langu lisomwe. Lilikuwa halijawahi kusomwa mahali popote isipokuwa zahanati.

Niwaambie na aibu yangu, maana mnaifaidi. Mwaka uliotangulia nilijiandikisha, nikapewa namba, nikasimama mstarini. Nikatazama vijana wa mjini wakijinyoosha na kurukaruka, suruali zao zinang'aa, miguu mirefu kama nguzo. Nikasema moyoni, Mwajabu, umefuata nini hapa? Nikajifanya naenda nyuma ya tangi la maji kufunga kamba za viatu, na huko nikatoka mguu niponye hadi nyumbani. Namba nilikuja kuibandua kifuani nikiwa jikoni kwangu. Walionijua walicheka mwezi mzima.

Kwa hiyo mwaka ule wa pili sikumwambia mtu. Alijua mume wangu, kwa kuwa ilibidi abaki na ng'ombe, na alijua Mwalimu Singano, aliyefundisha michezo shule ya msingi na ndiye aliyeniandikisha. Mama yangu mzazi, aliyekaa kule kwenye kona ya juu ya kijiji, sikumwambia. Hata asubuhi ile, namba yangu ilikuwa mia moja kumi na nane, niliibandika kifuani kisha nikaifunika kwa mtandio. Nikishindwa, nilitaka nishindwe kimya kimya.

Hofu niliyokuwa nayo! Chooni nilikwenda mara tano, mara ya sita mlango wenyewe ulinichoka. Mwalimu Singano akanikuta nimeshika nguzo ya soko, akanivuta pembeni.

“Dada Mwajabu, nisikilize. Nimekuona ukifanya mazoezi. Miguu unayo, pumzi unayo. Kinachokuangusha ni salamu.”

“Salamu?”

“Unasalimia kila mtu. Huyu shikamoo, yule habari za kuamka, yule tena umeulizia na mbuzi wake. Utaingia kwenu Kwembago saa mbili na nusu, utatoka huko saa sita! Leo usisalimie mtu. Macho mbele, mdomo umefungwa. Umenielewa?”

Nikamwelewa. Singano alikuwa mtu mwema, tena alinitakia heri. Lakini alikuwa mgeni kwetu, ametokea bondeni, na jambo moja hakulijua. Mimi nililijua, ila hofu ilikuwa imelifuta kichwani.

Jambo lenyewe ni hili. Ninyi mmekua na simu, hamkuliona likitendeka. Zamani hapa kwetu, mtu akifa, anatumwa mmoja kwenda kuwaambia wenyewe. Huyo aliyetumwa hamsalimii mtu njiani. Atasemaje “salama” hali amebeba kifo? Anapita na macho yake mbele, mdomo umefungwa, mpaka mlango wa wafiwa. Na ukimwona mtu wa kwenu amepita kimya, humuulizi. Unaweka jembe chini, unajifunga kanga kiunoni, unamfuata hadi atakaposimama. Huo ndio ulikuwa ujirani wetu.

Basi filimbi ikalia. Wale vijana wakatoka kama waliofukuzwa na nyuki, na mimi kwa kiherehere nikatoka nao. Kilomita mbili tu nikawa sina pumzi. Kifua kinawaka, masikio yanavuma, na mbele yangu barabara tupu. Wote walikuwa wameshapotea kwenye kona. Nikawa wa mwisho, tena wa mwisho wa mbali. Nilijikaza kisabuni, nikaendelea.

Nikaingia kijijini. Mtu wa kwanza alikuwa Bi. Mwanjaa, anachuma maharage kando ya barabara. Wale wakimbiaji walikuwa wamempita zamani, na yeye hakuwajali, maana walikuwa wageni na mgeni hajui adabu zetu. Mimi akanijua.

“Mwajabu! Umeamkaje mwanangu?”

Macho mbele. Mdomo umefungwa. Nikapita.

Bi. Mwanjaa akanitazama. Sina dumu. Sina salamu. Nimekunja uso kwa maumivu ya kifua, na mtandio nimejifunga kifuani. Akaweka kapu lake chini.

Nikampita Mzee Hoza anayepasua kuni, nikawapita akina mama watatu kisimani, nikaipita nyumba ya fundi seremala. Kote wananiita, kote napita. Baada ya muda nikasikia nyayo nyuma yangu. Nyayo nyingi! Nikafurahi, wanangu, nikafurahi kweli. Nikasema, kumbe mimi si wa mwisho, kuna wakimbiaji nyuma yangu! Nikaongeza mwendo. Nao wakaongeza. Nikaongeza tena. Sikugeuka, kwa kuwa Singano alisema macho mbele.

Sasa mnaijua barabara yetu ilivyo. Inazunguka mlima mara tatu kabla ya kufika juu, lakini sauti haizunguki. Mtu akipiga ukelele huku bondeni, juu kule wanamsikia papo hapo. Nilisikia ukelele, “Ooooi! Mwajabu amepita kimya!” na kichwa changu kilichochemka hakikuelewa. Nilidhani wananishangilia.

Kila mlango niliopita, wenye mlango walimshukuru Mungu kwamba sikusimama kwao, kisha wakatoka wakajiunga.

Nilipozunguka kona ya juu nikamwona mama yangu.

Alikuwa ameketi chini, udongoni, kando ya barabara, miguu ameinyoosha, mikono kichwani. Majirani walikwisha kutoa mikeka wakaitandika uani. Moto ulikuwa umewashwa chini ya sufuria kubwa. Na mimi nina ndugu mmoja tu wa kiume, Mbaruku, aliyekuwa dereva wa lori la masafa marefu. Kila usiku wa mvua mama alikuwa akilala akimwombea.

Nikasimama. Sikuwa na hiari, miguu ilisimama yenyewe.

“Mwajabu,” mama akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. “Usinifiche. Ni Mbaruku?”

Nikafungua mdomo nimjibu. Pumzi hakuna. Nikafungua tena. Ikatoka sauti kama ya mtu anayekwama na tonge, na jasho linanitiririka kama machozi. Mama alipoona vile akafumba macho. Nyuma yangu wanawake wakaanza kulia, na hapo ndipo nilipogeuka. Wakimbiaji wangu! Kijiji kizima, kanga viunoni, Bi. Mwanjaa mbele yao analia kwa sauti, na Mzee Hoza bado ameshika shoka.

Nikapiga magoti mbele ya mama, nikamshika mikono.

“Mama... hakuna... hakuna aliyekufa. Mbio. Ni mbio, Mama.”

“Mbio za nini?”

Nikavuta mtandio nikamwonyesha ile namba kifuani.

Mama akaitazama namba, akanitazama mimi, akawatazama wale watu wote barabarani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Mwanzo nilidhani analia, na alikuwa analia kweli, lakini kicheko kilikuwa kinakuja nyuma ya kilio, kikakifikia, kikakipita. Watu wote wakapasuka kwa kicheko. Bi. Mwanjaa peke yake ndiye aliyenuna.

“Na haya machozi yangu nimpe nani?” akasema. “Nimeyatoa bure tangu kisimani!”

Mama akajifuta uso. “Nani aliyekutuma upite kimya?”

“Mwalimu Singano. Kasema salamu zinanichelewesha.”

“Zinakuchelewesha! Hebu geuka, uone kilichokuchelewesha. Ungemwambia Mwanjaa ‘shikamoo’, ungekuwa wapi sasa hivi?”

Ningekuwa mbali, hilo tulilijua sote.

“Salamu haicheleweshi safari, mwanangu,” mama akasema. “Kimya ndicho kilichokuchelewesha. Haya, nisalimie.”

“Mama, saa nne wanakunja utepe.”

“Nimesema nisalimie.”

Mngemjua mama yangu, msingebishana. Nikabaki vilevile kwa magoti, jasho linadondoka udongoni.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Umeamkaje?”

“Salama.”

“Watoto?”

“Salama, Mama. Wako na baba yao.”

“Ng'ombe?”

“Salama. Yule mwekundu ameanza kukataa majani makavu.”

“Mchanganyie pumba. Na wewe mwenyewe?”

Hapo ilikuwa niseme salama, kama tunavyosema siku zote hata tukiwa na homa. Sijui kilichonipata.

“Naogopa, Mama.”

“Unaogopa nini?”

“Kuwa wa mwisho. Kuchekwa.”

Mama akafikiri. “Wa mwisho umekwisha kuwa,” akasema. “Kuchekwa, tumekwisha kukucheka. Kimebaki nini?”

Wanangu, nilitafuta ndani yangu kilichobaki cha kuogopa, nisikione. Na hapo nikagundua kitu kingine. Nilikuwa nimezungumza maneno yote yale bila kuhema. Kifua kilikuwa kimetulia. Ile salamu ndefu, shikamoo na watoto na ng'ombe, ilikuwa imenirudishia pumzi yangu.

“Kimebaki kufika,” nikasema.

“Basi fika. Namba yako iache wazi, waone mtoto wa nani anapita.”

Nikainuka. Mtandio nikamwachia mama mapajani. Kutoka pale zilibaki kilomita saba, nyingi za kuteremka, na nilikimbia kama ninavyokimbia na dumu tupu. Safari hii sikumwacha mtu bila salamu. “Shikamoo, babu!” “Marahaba, Mama Dumu, kaza!” “Za kuamka, shemeji?” “Njema, wametangulia, wakimbilie!” Nikawa nimejua mizani yangu: salamu ikitoka vizuri, mwendo ni wangu. Salamu ikikwama kooni, napunguza kidogo. Umande ulikuwa umekauka, jua limepanda, harufu ya majani ya maharage imejaa njia nzima. Nikasikia ile furaha ya siku ya kwanza inapanda kutoka miguuni. Miaka yote niliyokimbia peke yangu nilidhani furaha ile ni ya upweke, ya mtu na barabara yake. Siku hiyo niliipata mbele za watu, na ilikuwa kubwa zaidi.

Tena sikuwa peke yangu hata kidogo. Wale wanawake walikuwa wamekwisha kujifunga kanga, majembe wamekwisha kuyaacha, wakaona aibu kurudi mikono mitupu. Bi. Mwanjaa akasema, “Mimi nilitoka kumsindikiza mtu, na nitamsindikiza.” Wakakata njia za mkato, wale wenye magoti mazima wakakimbia, wenye vigelegele wakapiga. Nilipoingia uwanja wa soko niliingia na msiba wangu mzima, unacheka.

Pale kwenye utepe alisimama mzee mmoja mwenye saa, ameletwa kutoka Tanga, mtu wa sheria asiyetabasamu. Saa yake mkono mmoja, mkono wa pili umekwisha kushika ncha ya utepe. Singano alikuwa kando yake, amejishika kichwa. Vijana wa mjini walikuwa wamekwisha kunywa soda na kuvaa makoti yao.

Nikakaza. Nikafika. Na sasa sikilizeni ujinga wangu, maana mazoea yana taabu. Hatua moja kabla ya utepe nikamwona mzee yule usoni, mvi zote zile, nikasimama.

“Shikamoo, mzee.”

“Vuka kwanza, mama!” uwanja mzima ukapiga kelele. “Vuka!”

Nikaruka. Mzee akaitazama saa yake, akanitazama mimi, akaitazama saa tena.

“Saa nne kasorobo dakika,” akasema, nao watu wakashika pumzi kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia hesabu kama hiyo. “Sekunde kumi na tano zimebaki. Marahaba, mama. Umeamkaje?”

“Salama,” nikasema, na kwa mara ya kwanza siku ile lilikuwa neno la kweli.

Wakasoma jina langu. Mwajabu binti Shemboko, wa Kwembago, wa mwisho kumaliza. Hayo maneno ya “wa mwisho” sikuyasikia vizuri kwa vigelegele. Singano akaja, hajui aniombe radhi au anipongeze. Bi. Mwanjaa akamwahi. “Mwalimu,” akamwambia, “salamu haicheleweshi safari.” Alikuwa ameyaokota maneno ya mama yangu kule juu, akayabeba njia yote, akayatua pale mbele ya watu wote. Kesho yake kituo cha maziwa kizima kilikuwa kinayasema. Singano mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wake hadi alipostaafu kwamba ukishindwa kutoa salamu, unakimbia kuliko pumzi yako.

Hapo ndipo wengi huishia wakiisimulia, na wengine hutia chumvi kwamba nilishinda. Sikushinda. Lakini mimi naongeza kidogo, kwa kuwa nadaiwa shukrani na sijamaliza kuilipa.

Mama aliishi miaka minane baada ya siku ile. Alifariki alfajiri moja mikononi mwangu, na Mbaruku alikuwa amerudi, amelala kwangu, kule chini. Simu yake ilikuwa imezimika. Nikasema nitakwenda mwenyewe. Nikatoka, nikashika barabara ileile, sasa kwa kuteremka, na kulipokucha nikapita kisima na milango yote, macho mbele. Sikumsalimia mtu. Nikampita Mzee Hoza. Nikampita Bi. Mwanjaa shambani kwake, mzee sasa, anaegemea fimbo. Na hakuna aliyeniuliza kama ni mbio.

Nikasikia nyayo nyuma yangu. Nyayo zilezile. Sikuongeza mwendo. Nilipunguza, wanifikie, na tukaenda pamoja hadi kwa ndugu yangu. Nawashukuru watu wale, walio hai na waliotangulia, kwa siku ya kicheko na kwa siku ya kilio. Nilijua siku zote mbili kwamba nyuma yangu kuna watu. Wako wakimbiaji wa dunia nzima wenye medali nyingi ambao hawajawahi kulijua hilo.

Haya, Semeni, usifiche hindi lako, naona hujaligusa. Kuogopa si kosa. Kesho ukifika mstarini, mgeukie aliye kulia kwako umwamkie, na aliye kushoto umwamkie, na ukiulizwa habari yako, ukitaka sema ukweli. Mimi nitakuwa pale kwenye kona ya juu, alipoketi mama yangu. Kiti ninacho. Usinipite kimya, nisije nikawasha moto chini ya sufuria.

Na sasa nendeni mkalale. Mkipita kituo cha maziwa, mpokeaji bado yuko pale anafunga. Simameni, mumwamkie vizuri, mumuulizie na watoto wake. Hamtachelewa. Salamu haicheleweshi safari.